Kinyozi Aliyemeza Mara Mbili

Kwa miaka kumi na tisa kinyozi huyu amesimama nyuma ya kiti kilekile, cha pili kutoka mlangoni, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kumsikia akikataa jambo. Mteja akisema punguza pembeni, sawa. Akibadili mawazo katikati na kulalamika kwamba zimepungua mno, sawa, samahani sana. Kuna mmoja ana upara wa kurithi, hukaa kitini na kumfundisha kazi ya kunyoa tangu mwanzo mpaka mwisho, na huyo naye hujibiwa sawa. Ndiyo maana jina lake la kuzaliwa linajulikana na watu wachache tu, wengi wao wa ofisi za vitambulisho. Wengine wote humwita Bwana Sawa, na siku alipoitwa hivyo mara ya kwanza, alichojibu mnakijua.

Mtu wa namna hii husifiwa sana. Mpole, hana makuu, hana neno na mtu. Mimi nasema upole ni kama chumvi, una kiasi chake, na huyu bwana alijimwagia mkebe mzima. Ulibaki kidogo tu umtoe roho. Siongezi chumvi yangu hapo, daktari ndiye aliyesema.

Nyumbani kwake wanaishi watu watatu, maana watoto wameshaoa na kuolewa. Yupo yeye. Yupo mkewe, karani wa masjala, mwanamke anayepanga hata vijiko kwa kufuata urefu na ambaye akisogezewa kikombe kidole kimoja hujua ni nani aliyekisogeza. Na yupo mama yake mzazi, mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya mtaa na ambaye mpaka leo huwatazama watu wazima wenye mvi kwa jicho la kusema nimekuona ukiwa uchi. Wanawake hao wawili kila mmoja ana akili za watu wanne. Bahati mbaya walikuwa na miaka saba hawajasemezana.

Chanzo chake ni mapazia. Mke alinunua mapazia mapya ya sebuleni, mama mkwe akayafua kwa maji ya moto ili kusaidia, na yalipokauka yalikuwa yameishia katikati ya dirisha. Mke akasema neno moja. Mama mkwe akajibu neno moja. Maneno hayo mawili yalitosha, mengine yote ya miaka saba yakawa yanapitia kwa Bwana Sawa.

Hebu fikiria meza ya chakula ya watu watatu. Mama anaonja mchuzi, anaweka kijiko chini, anamgeukia mwanawe: mwambie mkeo chumvi imezidi. Mkewe yuko pale pale, viwiko vyao karibu vigusane. Bwana Sawa anageuka upande wa pili: mke wangu, mama anasema mchuzi mtamu, ila kesho chumvi ipungue kidogo. Mke anajibu kwamba mwambie mama yako jiko liko wazi, na anayejua kupika zaidi aingie. Bwana Sawa anarudi upande wa kwanza: mama, amesema sawa. Alikuwa anachuja maneno ya nyumba nzima, na alijisifu moyoni kwamba bila yeye wangeshatoana macho. Alikuwa anajiona mpatanishi.

Basi, mwaka jana akaanza kuzimika. Sina neno lingine. Alikuwa akisinzia amesimama, mkasi mkononi. Uso ukamvimba, sauti ikawa nzito na ya kujikokota, na mchana wa jua kali yeye alivaa sweta. Mwenye saluni alimnusa mdomo mara mbili akidhani ni pombe. Alipopimwa damu ikaonekana tezi yake ya shingoni imelala usingizi, haitoi ile homoni inayoupa mwili mwendo. Daktari wa kliniki, mama mmoja mfupi mwenye miwani, alimwandikia kidonge kimoja cha homoni, ameze kila alfajiri na maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha asubiri saa nzima kabla ya chai. Kimoja, maisha yake yote. Jambo jepesi hata mtoto wa chekechea angeliweza, lakini daktari hakujua anamwandikia nani.

Mke alichukua karatasi ya dawa, akanunua, akabandika kwenye pakiti kibandiko chenye tarehe, akaifungia kwenye droo yake. Mama naye, alasiri ileile, alikuwa ameitoa nakala karatasi hiyohiyo kabla haijafika droo. Hakuona kwa nini uhai wa mwanawe ukabidhiwe mtu asiyejua hata kuchemsha chai. Alikwenda duka la dawa la mtaa wa pili, ambalo muuzaji wake alizaliwa mikononi mwa mama huyu. Kijana wa watu angekataaje kumwuzia mtu aliyemkata kitovu? Mama akarudi na pakiti yake, akaifunga kwenye leso.

Asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja na nusu, Bwana Sawa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma akipiga kiwi viatu, kama afanyavyo kila siku. Mama akatokea na kikombe cha maji na kidonge kiganjani. Meza mwanangu. Akameza. Akamaliza viatu, akarudi chumbani kuvaa shati, akamkuta mkewe amesimama kando ya kitanda, ana glasi ya maji na kidonge kwenye kisahani. Meza mume wangu.

Hapa ndipo mtu mwenye akili timamu husema, asante, mama ameshanipa. Maneno mawili tu baada ya asante. Bwana Sawa aliyapima. Akisema hivyo, maana yake mama amempiku mke ndani ya chumba chake mwenyewe, na sufuria zitapigwa wiki nzima. Kesho akimkatalia mama, maana yake mke ndiye mwenye mgonjwa, na bi mkubwa atafunga virago aende kulia kwa mabinti zake. Tena alijua kwamba tangu mama astaafu, hakuna mtu duniani anayemsubiri asubuhi, na kile kidonge kilikuwa kimemrudishia kazi. Akakitazama kidonge kwenye kisahani. Kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati. Akawaza, kitu kidogo hivi kitamfanya nini mtu mzima? Akameza. Na kesho yake akameza tena, mara mbili.

Wiki za mwanzo zilikuwa za ajabu. Uvimbe ulinywea, sweta likarudi kabatini, sauti ikakaza, na kitini alikuwa akinyoa vichwa viwili kwa muda wa kimoja. Mke akajipongeza. Mama akajipongeza. Bwana Sawa akawapongeza wote, kila mmoja faraghani.

Halafu moyo ukaanza. Mwanzoni ulidunda akipanda ngazi mbili za mlangoni pa saluni. Baadaye ukawa unadunda amekaa, amelala, anakunja taulo. Akilalia ubavu wa kushoto aliusikia ndani ya mto, puta, puta, puta, kama mtu aliyefungiwa nje anagonga mlango. Mfuko wa shati ulitikisika, kalamu ndani yake ikitikisika nayo. Jasho likamtoka wakati wengine wanafunga vifungo vya koti. Suruali zikaanza kumpwaya. Na vidole, vidole vya kinyozi wa miaka kumi na tisa, vikaanza kutetemeka.

Madaktari wa bure hawakukosekana. Kinyozi wa kiti cha kwanza alitoa uchunguzi wake kwamba ni mwanamke wa nje, na akataka kujua ni yupi. Mwenye saluni alisema kahawa. Mwenye upara alisema moyo wa namna ile ni woga wa uzee, na yeye aliuponya kwa kutembea peku. Nyumbani, mama alimshika mkono kila asubuhi, vidole viwili juu ya mshipa, macho kwenye saa ya ukutani, akahesabu mapigo kama alivyohesabu ya wazazi miaka thelathini na tano. Mia moja na kumi na sita. Mwambie mkeo yale majani ya chai anayomimina yanaua. Mke naye akajibu kwamba mtu akitumbuliwa macho vile kila alfajiri, hata jiwe lingedunda. Bwana Sawa alizipeleka habari zote mbili, zikiwa zimechujwa vizuri.

Msidhani hakujua. Alijua kabisa. Karatasi ya dawa iliandikwa kimoja, na hesabu ya moja na moja haihitaji chuo. Kuna siku alijaribu kujiokoa, akakificha cha mkewe chini ya ulimi. Mkewe, aliyezoea kutafuta faili lililopotea katikati ya mafaili elfu, akamwambia fungua mdomo. Siku iliyofuata akajaribu kukificha cha mama. Mama alikuwa ameshughulika na wajawazito wakaidi kabla yeye hajazaliwa, akamshika taya tu. Baada ya hapo aliacha kuhangaika. Aliona heri moyo umpige yeye kuliko wale wawili wapigane, na akaona hilo ni jambo la kishujaa.

Mpaka siku ile ya mwalimu mkuu mstaafu. Mzee huyu ni mteja wake tangu mwaka wa kwanza, mtu wa kuketi wima, haongei, hulipa na kuondoka. Bwana Sawa alimpaka povu, akashika wembe, akaanza chini ya sikio. Moyo ukapiga, mkono ukaufuata. Damu ilichuruzika mpaka kwenye shuka jeupe. Kidonda chenyewe hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa shingoni, na wembe ukitetemeka shingoni hakuna anayesubiri kupima urefu.  Mwalimu mkuu alijigusa, akatazama vidole vyake, akamtazama kinyozi wake kwa huzuni, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi hodari aliyefeli. Mteja aliyekuwa akingoja zamu alikumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka.

Mwenye saluni alimwita pembeni. Alimwambia kwa adabu, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwamba kuanzia saa hiyo asiguse wembe. Akunje taulo, afagie nywele. Aende kupimwa, na Jumatatu akirudi na mkono uliotulia, kiti chake kipo. Akirudi na mkono ule, kuna kinyozi mwingine aliyekuwa akikiulizia kwa muda mrefu. Bwana Sawa alifagia nywele mchana kutwa. Kiti kile ndicho kitu pekee duniani alichokuwa bingwa wake. Hakuwa na kazi nyingine na hakutaka nyingine.

Ijumaa akaenda kliniki kwa daktari yuleyule. Walimsindikiza wote wawili, kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake ampeleke peke yake. Wakakaa kwenye benchi, yeye katikati. Damu ilikuwa imeshachukuliwa siku mbili nyuma. Walipoitwa, waliingia wote watatu, na daktari akaongeza kiti bila kuuliza.

Alisoma karatasi ya majibu. Akaisoma tena. Akamshika mkono mgonjwa, akahesabu, akasema homoni kwenye damu imezidi kupita kiasi, na dawa aliyoandika yeye haiwezi kufanya hivyo ikinywewa ipasavyo.

"Unameza vidonge vingapi kwa siku?"

"Kimoja," alisema mke.

"Kimoja," alisema mama.

Walisema kwa sauti moja, bila kutazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana tangu enzi za mapazia, na kila mmoja alisema kweli tupu, angeweza kuapa. Daktari akamgeukia mwenye mwili. Huyu naye, moyo unampiga mia moja na ishirini, kiti chake kinaning'inia, daktari aliyesomea miaka mingi amekaa mbele yake akisubiri neno moja tu, unajua alifanya nini? Aliitikia kwa kichwa. Kimoja.

Bahati yake daktari hakuwa mtu wa sawa. Alisema basi anataka kuiona hiyo dawa yenyewe, maana huenda mwenye duka amekosea nguvu yake. Mke akafungua mkoba, akatoa pakiti yenye kibandiko na tarehe, akaiweka mezani. Kabla hajaurudisha mkono, mama alikuwa ameshafungua fundo la leso, akaweka yake.

 Daktari alizipanga zile pakiti mbili kando kwa kando. Akazifungua, akahesabu vidonge vilivyobaki katika hii na katika ile. Kisha akavua miwani. Alieleza polepole, akimtazama zaidi mkunga, mtu wa kazi moja naye, kwamba moyo unaosukumwa hivi kwa miezi huweza kupoteza mpigo wake kabisa, na kwamba watu wa umri huu wameanguka barabarani kwa sababu hiyohiyo na hawakuinuka. Dawa isimame siku chache. Kisha kimoja tu, na kipimo kirudiwe. Mkono utatulia, alisema, lakini si kufikia Jumatatu. Atamwandikia mwajiri barua. Mama alikuwa amejikunja kitini, amekuwa mdogo. Yeye ndiye aliyehesabu mapigo yale kila asubuhi na kulaumu chai.

 Walifika nyumbani mchana, wakakaa pale pale kwenye meza ya chakula kila mtu mahali pake, bila chakula. Mama alikuwa bado amekamata leso yake. Aliizungusha vidoleni, akaiweka mezani, akamgeukia mwanawe kama kawaida.

"Mwambie mkeo aichukue. Ampe yeye."

Bwana Sawa alifungua mdomo. Ujumbe wenyewe ulikuwa mwepesi, hata haukuhitaji kuchujwa. Lakini moyo ulimdunda mpaka akausikia masikioni, na safari hii alijua si homoni, ni hofu. Alimwogopa mama yake. Alimwogopa mkewe. Aliwaogopa maisha yake yote na kuiita hofu hiyo upole.

"Mama, mwambie mwenyewe," alisema. "Yuko hapa."

 Yule bi mkubwa akageuza shingo, taratibu, upande ambao hakuwa ameutazama kwa miaka saba.

"Mwanangu," alimwambia mkwe wake, "tulikuwa tunamuua."

Mke alijibu kwamba ndiyo, mama, tulikuwa tunamuua.  Alisogeza kiti, akamshika yule mzee mkono, na wakaanza kuulizana, harakaharaka, kama watu waliokuwa wamekatiwa simu. Wewe ulikuwa unampa saa ngapi? Na siku zile alizotoka jasho, ulimpa? Nilimpa. Na mimi nilimpa. Walihesabu siku kwa vidole, wakikumbushana, wakisahihishana. Mume aliyekuwa mpatanishi aliketi pale akishuhudia jinsi mazungumzo yalivyo rahisi asipoyapitisha yeye. Miaka saba aliwazuia wasigombane, na kwa hiyo aliwazuia wasipatane.

Halafu maswali yakaisha, na wote wawili wakamgeukia.

"Ulijua?" aliuliza mke.

Alitaka kusema kwamba alihisi tu, baadaye baadaye. Akashindwa.

"Nilijua. Tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Sikutaka mgombane."

Mama yake alimtazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na hasira usoni pake, na angependa iwepo.

"Ungekufa," alisema. "Tungekuosha, tungekuzika, na mimi na mwenzangu tungerudi hapa, kila mtu chumbani kwake, kila mtu akijua moyoni kwamba yeye alikutunza vizuri, na kwamba aliyekuua ni mwenzake."

Kinyozi aliinamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Hakuna aliyemwambia anyamaze.